Fundi wa Korogwe

Jumapili, Handeni. Jua linawaka tangu asubuhi, upepo unaleta vumbi mpaka ndani ya sufuria, na mimi nina hasira. Naandika hapa kwa sababu nikifungua mdomo humu ndani nitasema zaidi ya ninayotaka kusema.

Makabati ya jikoni nimeyamaliza juzi. Mimi mwenyewe. Yalikuwa yameshika mafuta na moshi mpaka huwezi kujua kwamba ni mbao ya mninga. Nilifungua milango yote kwa bisibisi, nikapiga msasa mpaka mabega yakagoma, nikapaka vanishi. Kabla haijakauka ikajaa vumbi la uani, ikabidi nisugue tena na kuanza upya. Siku ile nililia. Baadaye nikajifunza kumwaga maji uani kwanza na kupaka alfajiri, kabla upepo haujaanza. Mume wangu aliyaona yote haya. Kila akienda kazini alikuwa anairuka milango niliyoilaza barazani.

Leo kaka yake ameshuka kutoka Bungu na mkewe. Shemeji yangu huyu anajua mbao, humdanganyi kwa kung'arisha tu. Aliingia jikoni, akapitisha kiganja kwenye mlango wa kabati, akamgeukia mume wangu. "Aisee, nani kakufanyia kazi hii?"

Nikatabasamu. Nikasubiri.

"Nilimleta fundi kutoka Korogwe," akasema mume wangu.

Nilikuwa nimesimama pale pale na birika mkononi, vanishi bado imeganda kwenye kucha. Hakuniangalia hata mara moja.

Haikuishia hapo. Shemeji akainama, akaona tone lililokauka pembeni mwa droo. "Hapa fundi wako kalipua." Mume wangu naye akatikisa kichwa, "Ndiyo mafundi wetu hawa, kaka." Sifa zikaenda kwa mtu ambaye hajawahi kuwepo duniani, lawama nikazimeza mimi, na chai nikamimina.

Kwa nini nilinyamaza? Ningependa kusema ni heshima. Ukweli ni kwamba niliogopa kumwaibisha mbele ya kaka yake, wakati yeye hakuona shida yoyote kunifuta mbele ya huyo huyo kaka yake.

Wageni walipoondoka nikamuuliza. Akanijibu, bila hata kuona haya, kwamba angesema ni mimi, kaka yake angedhani ameshindwa kumlipa fundi. Kwa hiyo kazi ya mikono yangu ni aibu ya nyumba.

Inaniuma. Afadhali angenitukana.

Na sasa hivi, akiwa amejilaza kwenye kochi, ameniambia kabati la bafuni nalo nilipige msasa wiki hii, maana mama yake anakuja. Nikamwambia ampigie fundi wake wa Korogwe. Akacheka. Anadhani natania.

Sitanii. Kabati la bafuni litabaki na madoa yake. Mama mkwe akifika nitampokea mkoba, nitampa shikamoo yake, nitamkaribisha chakula. Akishashiba nitampeleka jikoni nimwambie nani aliyapaka yale makabati, na nitamwambia huku mwanawe amesimama hapo hapo anasikia.

Anayetaka kusema sina adabu, aseme.