Mashine ya Joto na Safari ya Mama

Riverdale Park, Maryland
Jumapili, 24 Februari 2008

Kaka Anatoli mpendwa,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, Wifi Flaviana na watoto wote, na kwamba lile goti lililokusumbua tangu Krismasi limepata nafuu. Huku tuko salama. Shemeji yako Kalisti anakusalimia sana. Jacqueline naye anamsalimia mjomba wake. Ametimiza miaka minne, ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila kitu, ila anakujibu kwa Kiingereza. Mdogo wake Tito ameota meno mawili. Mama ni mzima. Nitarudi kwenye habari za Mama, maana yeye hasa ndiye sababu ya barua hii.

Najua utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu zipo. Nikikupigia, Mama huwa amekaa pembeni yangu anasubiri zamu yake, na kadi ya simu huisha kabla sijapata ujasiri. Bwana Nehemiah, yule wa ubalozini, anaondoka Alhamisi kwenda likizo na amekubali kuifikisha mpaka Mkuu, mkononi mwako. Tafadhali isome kwanza ukiwa peke yako.

Nianzie Desemba. Nyumba yetu haina mahali pa kuwasha moto. Joto lote linatoka kwenye mashine moja iliyokaa nje, pembeni ya ukuta, wenyewe wanaiita hiti pampu. Wakati wa baridi inaingiza joto ndani, na kiangazi inageuka, inalitoa. Tuliikuta tuliponunua nyumba, na hata wakati huo ilikuwa imezeeka. Wiki ya pili ya Desemba ikaanza kunguruma kama gari bovu, kisha ikanyamaza kabisa. Ndani kuna nyaya za dharura zinazopasha hewa kwa umeme mtupu, tukawa tunatumia hizo. Baada ya mwaka mpya ikaja bili ya umeme: dola mia nne na tisini, mara tatu ya tuliyoizoea. Niliisoma nimesimama mlangoni, hata koti sijavua. Nikaenda moja kwa moja kupunguza joto, tukawa tunakula chakula cha jioni tumevaa makoti.

Mama aliteseka kuliko sisi, kwa sababu sisi mchana tunakuwa kazini. Alivaa soksi mbili mbili na koti la Kalisti, akakaa jikoni na Tito mgongoni, mbele ya oveni iliyoachwa wazi. Aliniambia baridi ya Rombo anaijua tangu azaliwe, lakini ile unaiacha nje, ukaingia jikoni ukaota moto, basi imekwisha. Hii ya kwangu inaingia na wewe ndani na kulala na wewe kitandani.

Ni siku hizo hizo ulipopiga simu kusema Mama Mdogo Veridiana amelazwa tena na kila siku anamwulizia dada yake. Mama aliporudisha simu mahali pake aliniambia nimtafutie ndege, akamwone mdogo wake. Nilimjibu tutaangalia. Moyoni nikajiambia kwamba ni baridi ndiyo inayomsemesha, akipata joto atatulia.

Kaka, nikueleze hali ilivyo, si kwa kujitetea. Mimi nalea wazee katika nyumba ya wazee kule Wheaton, Kalisti yuko hotelini Oxon Hill. Kuwapeleka watoto wawili kwa mlezi ni dola elfu moja na mia sita kwa mwezi, karibu mshahara wangu wote. Mama alipokuja Aprili iliyopita ndipo nilipoanza kuchukua shifti za Jumamosi na Jumapili, na ndipo nyumba ilipoanza kulipika. Ruhusa yake ya kukaa inaisha mwisho wa Aprili hii. Kimoyomoyo nilikuwa nimeshapanga kumwombea aongezewe tena. Yeye sikumwuliza.

Fundi aliyekuja kutazama mashine ni Mwaura, Mkenya tunayesali naye. Aliifungua, akaimulika tochi, akatikisa kichwa. "Mama Jackie," akaniambia, "hii kitu imezeeka. Kompresa, hiyo injini yake, imekufa. Nikikuwekea ingine kwa hii mashine nitakuwa nakuibia tu, itakaa mwaka mmoja halafu unipigie tena." Akaniandikia bei. Mashine mpya, ya nje na ya ndani, kwa sababu lazima ziendane, pamoja na kazi ya kuifunga, dola elfu saba na mia nne. Nikadhani ndio mwisho. Kumbe boksi la umeme nalo lilikuwa dogo kwa mashine mpya: elfu moja na mia tatu. Na kibali cha kaunti, mia na hamsini. Jumla dola elfu nane, mia nane na hamsini. Nilimwuliza kama hakuna ya bei ndogo zaidi, akasema hiyo ndiyo ndogo.

Kalisti alikataa. Alisema tununue vipasha joto viwili vya dukani, tuvumilie mpaka Machi, halafu tutazame tukishapata marejesho ya kodi. Alikuwa na haki. Mimi nikamjibu kwa ukali kwamba anataka mama yangu afe kwa baridi, na mkwe akishaambiwa hivyo atasema nini? Kampuni ya mkopo ikaleta fomu, na pale walipouliza kipato changu cha mwezi nikaandika pamoja na zile shifti za mwisho wa wiki. Malipo ni dola mia mbili na kumi na moja kila mwezi kwa miaka mitano. Nilipotia sahihi nilikuwa najua vizuri kwamba bila Mama hiyo hesabu haisimami.

Walifunga mashine kwa siku mbili, katikati ya Januari. Walipoiwasha, Mama alipeleka mkono kwenye tundu la hewa pale sakafuni, akauacha hapo muda mrefu, kisha akavua koti la Kalisti akalitundika. Alimpikia Mwaura ndizi na nyama na kumwombea baraka. Mimi nilikuwa nikimtazama nikijisifu kwamba nimeshinda.

Jumapili iliyofuata, tuliporudi Misa, aliniita. "Mwanangu, Mungu akubariki," akasema. "Sasa nyumba ina joto, watoto hawatakohoa. Naweza kuondoka na moyo mweupe. Tiketi yangu umeiandikisha tarehe ngapi?"

Kaka Anatoli, mkono unaniwia mzito hapa. Siku tatu baadaye nilikupigia nikakuambia daktari amempima Mama, kwamba moyo wake hauwezi kuhimili ndege kabla ya miezi sita. Ulinishukuru kwa kumtunza. Ukaenda hospitali ukamwambia Mama Mdogo asubiri.

Hakuna daktari aliyesema hivyo. Nilimpeleka Mama kwenye duka la dawa, kwenye ile mashine ya kujipimia presha mwenyewe, ikasoma juu kidogo, kama inavyosoma kwangu mimi nikichoka. Yeye Kiingereza hajui, akaniuliza imesema nini. Maneno yote ya moyo wake kuwa dhaifu niliyatunga mimi, palepale, nimemshika mkono. Pasipoti yake na tiketi yake ya kurudi nikazitia katika bahasha ya bluu pamoja na karatasi za hiti pampu, nikafungia kwenye droo ya chumbani kwangu. Kalisti hakujua. Naye nilimwambia hivyohivyo nilivyokuambia wewe.

Ilikaa hivyo mwezi mzima. Kila simu ilipolia niliogopa kwamba ni wewe, na habari ya Mama Mdogo.

Jumanne iliyopita mkaguzi wa kaunti alikuja kuangalia kama mashine imefungwa sawasawa. Alikuwa amesema atakuja jioni, akaja saa nne asubuhi. Mama alinipigia kazini, Jacqueline akampa yule bwana simu. Alitaka kuona kibali. Akikikosa ataondoka, na kumrudisha ni ada nyingine. Kwa hofu ya hiyo ada nikamwambia Mama ufunguo wa droo ulipo, afungue, atoe bahasha ya bluu, ampe mgeni. Nilikuwa namlisha mzee mmoja uji. Nilikata simu, nikachota kijiko kingine, na kijiko kikabaki hewani. Ndipo nilipokumbuka.

Nilipoingia nyumbani saa tisa, Mama alikuwa anamkausha Tito baada ya kumwogesha. Mezani kulikuwa na karatasi ya mkaguzi, mashine imepita. Pembeni yake pasipoti na tiketi, zimepangwa vizuri, nami nikajua ameelewa kwamba nilizificha ili asiondoke. Alimvalisha mtoto mpaka mwisho, akamlaza, ndipo akakaa. Nilitamani anifokee. Hakufoka.

"Honorata," akasema, "mimi nilidhani nakufa."

Akanieleza kwamba kila asubuhi tukishaondoka alikuwa anaweka mkono kifuani kusikiliza. Hakuogopa kufa, aliogopa kuwafia watoto wakiwa peke yao ndani. Kwa hiyo alimfundisha Jacqueline kubonyeza namba yangu ya simu, wakafanya mazoezi siku nyingi, ili Bibi akianguka asiamke, mtoto ajue la kufanya. Kweli, mtoto alikuwa akinipigia kazini na kukata, mimi nikidhani anachezea simu, na mara mbili nilimgombeza.

Nilipiga magoti. Sikumbuki nilichosema. Kalisti aliporudi nilimwambia naye, mbele ya Mama. Alitoka akaenda kukaa kwenye gari mpaka chakula kikapoa. Tangu hapo tunaongea mambo ya lazima tu.

Mama anaondoka hapa Jumamosi tarehe 8 Machi na atafika uwanja wa ndege wa KIA Jumapili jioni. Nakuomba uende mwenyewe, na ubebe sweta, maana amewaachia wanangu nguo zake nyingi nzito. Kuhusu sisi, nimeziacha zile shifti za mwisho wa wiki. Nimeomba niwe naingia kazini Kalisti anapotoka, tupokezane watoto. Tumepiga hesabu, inafika karibu, haifiki. Sikuombi chochote. Ninaloliogopa zaidi ni hizi wiki mbili, kwamba Mama Mdogo hatazimaliza, na mwezi ule mmoja ni mimi niliyemnyima. Kama ana nguvu ya kusikia, mwambie dada yake anakuja, na mtajie siku.

Kuna jambo moja la mwisho. Jana Mama aliniona naandika, akauliza naandika nini. Nikamwambia. Alifikiri, kisha akaniagiza nisikuandikie hayo. Alisema nikuambie daktari amempima upya na amemruhusu, na yeye akifika atasema hivyohivyo kwa watu wote. Kaka, mimi nimeshindwa kukudanganya mara ya pili. Lakini ukimpokea pale uwanjani na yeye akianza kukusimulia habari za daktari, tafadhali mwache azimalize.

Wasalimie Wifi, watoto, na majirani wote wanaotuulizia. Mfikishie Mama Mdogo salamu zangu, usimwambie zaidi ya hapo, nitamwambia mwenyewe akinipa nafasi. Nawaombea Kwaresima njema, nanyi mniombee.

Ni mimi mdogo wako,
Honorata