Kreni ya Mikono Miwili na Tundu Lililobana

Jumamosi, katikati ya Aprili. Mvua tangu wiki iliyopita, na mlima hauonekani kabisa. Mama Rehema, mke wangu, anafurahi kwa sababu vumbi la mtaani limelala. Mimi nimerudi kutoka Marangu na matope mpaka kwenye soksi, na moyo mwepesi kuliko nilioondoka nao.

Wanaonisoma siku zote wanaujua ugonjwa wangu. Kwa asiyeujua: mimi ni fundi redio hapa Moshi mjini, umri wa kuwa na wajukuu, na sebuleni kwangu kuna meza kubwa yenye reli, stesheni na treni za kuchezea. Reli inatoka Moshi, inapanda mpaka Marangu. Najua haipo. Ndiyo sababu tukaijenga.

Tulioijenga ni mimi na Baba Neema, seremala wa Marangu. Mbao ni kazi yake, chuma na nyaya ni kazi yangu. Wenzetu wa mchezo huu hununua vichwa vya treni vinavyong'aa. Sisi tumenaswa na kreni, yale mabehewa yanayoletwa kuinua treni ikiacha njia, na tunazipenda zile za ajabu ajabu. Tunayo moja yenye sumaku ya spika mbovu, inaokota misumari. Tunayo nyingine fupi ya kupakia mikungu ya ndizi, ambayo sidhani kama kuna reli yoyote duniani imewahi kuihitaji.

Ya tatu ndiyo iliyotugombanisha.

Hiyo ina mikono miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, kila mmoja na ndoano yake, iweze kunyanyua behewa huku na huku bila kugeuzwa. Baba Neema alichonga kitako chake kwa mti wa mgrevilea alioukata kihambani kwake, kwenye shamba la nyumbani, akatoboa matundu mawili. Mimi nikapeleka vipande viwili vya antena ya redio, viingie kwenye matundu hayo na mikono izungukie hapo. Tuliifunga kibarazani kwake mwezi wa kwanza. Ilizunguka kwa kusukumwa na kidole. Tukanywa chai, tukajisifu.

Nikashuka nayo. Wiki haikuisha, ikabana, haizunguki hata kwa koleo. Nikampa mtu ampelekee. Baba Neema akanipigia simu: "Mbona inazunguka vizuri tu?" Akairudisha. Ikakaa mezani kwangu siku chache, ikabana. Nikaipandisha tena, na kule juu ikazunguka tena. Yeye akaona namfanyia utani. Mimi nikaona anaogopa kukubali kosa.

Iliporudi na kubana mara nyingine, nikampigia. Nikamwambia, "Kaka, matundu yako yamepinda. Labda mkono umeanza kuchoka." Nilisema nikicheka. Yeye hakucheka.

"Basi tafuta fundi ambaye mkono wake haujachoka," akasema, akakata simu.

Toka siku hiyo kimya. Nina kichwa kigumu, sikupiga tena. Jioni nilikuwa nawasha treni, inazunguka mara moja, naizima. Hakuna raha ya kuendesha treni peke yako, kwa sababu hakuna wa kukubishia.

Nilimkumbuka sana yule mtu.

Alhamisi asubuhi mlango wa stoo uligoma kufunguka. Mama Rehema akausukuma kwa bega. "Kila masika mlango huu unavimba," akasema, "na kila kiangazi unasema utaupiga randa." Nikaenda kwenye meza ya treni kutafuta bisibisi, kiwiko kikagusa ile kreni. Mkono wa mbele ukazunguka. Nikasukuma wa nyuma, nao ukazunguka.

Nikakaa kitini. Ule mti ulikatwa mbichi, ukachongwa kwenye ukungu wa Marangu. Jua la kwetu huku chini likaukausha, ukasinyaa pamoja na matundu yake, ukaikaba antena. Ukirudishwa juu unakunywa unyevu na kuachia. Sasa mvua imetufuata mjini, umeachia hapahapa. Kipimo chake kilikuwa sawa, na changu kilikuwa sawa.

Mtu ataniuliza, seremala mzima hajui mbao mbichi husinyaa? Anajua sana. Lakini vitanda na milango ya Baba Neema huzaliwa Marangu na kuzeekea Marangu. Hakuna hata kimoja kilichowahi kushushwa mjini na kupandishwa tena kama kreni yetu.

Leo nikapanda gari la Marangu, kreni mapajani. Baba Neema alikuwa bondeni anakata majani ya ng'ombe. Mkewe akanikaribisha jikoni, akanipa bakuli la mtori wa ndizi, kisha akashusha sauti.

"Afadhali umekuja, Baba Rehema. Patasi zake amezifunga kwenye gunia. Watu wanaleta kazi, anawaambia mikono imekwisha. Mpaka mlango wa kanisa ameukataa."

Kijiko kilinishinda. Wiki zote hizi nilidhani amenikasirikia.

Kumbe aliniamini.

Aliporudi nikasimama. "Shikamoo, kaka." Akaitika, "Marahaba," akiangalia pembeni. Nilimpa kreni aizungushe, akaizungusha, ikazunguka. Kisha nikaiweka kwenye dari ya jikoni, juu ya moto, pale wanapokaushia kuni. Tukakaa. Tukazungumza habari za mvua na bei ya kahawa, mazungumzo ya watu wasiojuana vizuri. Mama Neema akaongeza kuni bila kuambiwa.

Baadaye sana nikaishusha, nikampa tena. Akasukuma mkono wa mbele. Umebana. Akasukuma wa nyuma, nao umebana. Akainua kitako karibu na macho, akapapasa ukingo wa tundu kwa kidole gumba.

"Ni mbao," akasema.

"Ni mbao, kaka. Matundu yako hayana kosa. Lile neno nililokwambia halikuwa la kweli. Nisamehe."

Akaigeuzageuza ile kreni mkononi, nami nikaona aibu kama mtoto. Halafu akamgeukia mkewe. "Ule mlango wa kanisa, wamempa nani?"

"Hawajampa mtu. Wanakusubiri."

Akaingia ndani, akatoka na gunia. Nikamwambia naondoka, nisije nikaachwa na gari. Sidhani kama alinisikia. Alikuwa ameshainama kwenye jiwe la kunolea, patasi mkononi, anamwagia maji.

Nimeshuka mjini bila kuagwa, na nimefurahi njia nzima.