Muuguzi Aliyeona Haya

Hospitali ya Mweso, Jumanne

Kinyaa hakinitoki. Si kwa mfuko uliobandikwa tumboni ambamo choo cha mume wangu kinaingia sasa. Huo nausafisha mwenyewe, na Baraka wangu bado ni mzuri kuliko wote! Namchukia muuguzi wa kijijini. Risasi ilimwingia Baraka takoni, naye akafunga kidonda juu juu, akaona haya kumpima njia ya haja kwa kidole mbele yangu mimi mkewe. Daktari wa hapa alimpima, kidole kikatoka na damu, kumbe risasi ilitoboa utumbo, wakampasua palepale.

Leo shangazi yake Baraka akaninong'oneza kwamba huyo si mume tena: “Mutoto wangu, rudia kwenu. Ule njo bwana?”

“Njo wangu, Mama. Kama harufu inakuchosha, mulango iko wazi.”

Akatoka. Baraka alikuwa macho.

“Lala upande huu,” akasema, akisogea kuniachia nafasi kitandani mbali na mfuko.