Taa za Mchumba Wangu Zinaipofusha Darubini

Mama Kalunde wa ushauri gazetini, pokea salamu kutoka mji wa Sultan Hamud na unisaidie haraka, maana nimefika mahali mtu akitaja neno taa nashikwa na homa. Naitwa Mumbua, nimeokoka, nina miaka ishirini na saba, na kazi yangu ni kuitunza darubini ndogo iliyo juu ya kilima karibu na kwetu. Najua utacheka, kila mtu hucheka, kwa sababu hii darubini haishikwi na mtu: jua likizama paa linafunguka lenyewe, inageuka yenyewe kutafuta nyota iliyoambiwa, inapiga picha mpaka asubuhi, mawingu yakija inajifunga, na kompyuta inaweka picha kwenye disketi ambazo mimi huzituma kwa basi hadi Nairobi kwa profesa. Ina mwenzake kisiwani, mbali huko baharini kwenye joto na mvua, na kisiwa kikifunikwa na mawingu hii yetu ndiyo huendelea kuziangalia zile nyota. Sasa watu wanauliza, kama inajifanyia kazi, Mumbua analipwa kwa kulala? Hawanioni nikipanguza vumbi la kiangazi, nikipima maji ya betri za sola, nikimwondoa mjusi aliyelala kwenye reli ya paa huku paa limekataa kufunga na mvua inanukia.

Mchumba wangu ni Nzomo, na usimfikirie vibaya, ni mtu mzuri, mbuzi wa ntheo, wale wa kuposa, ameshawaleta kwa baba na mama yangu anampenda kuliko anavyonipenda mimi. Amejenga lojing'i ya kulaza wasafiri chini ya kilima, ina uwanja wa malori, na kwa vile wezi walikuwa wakinyonya dizeli kwenye malori usiku, ameweka taa kubwa juu ya milingoti, zinamulika barabara, zinamulika miti, zinatumulika na sisi huko juu. Tangu azijaribu, picha zinatoka nyeupe kama maziwa. Nilimwendea nikamwambia, "Nzomo, ziinamishe kidogo tu." Akacheka mbele ya madereva, akasema, "Mumbua, nyota ni maelfu, mimi niko mmoja. Chagua!" Wote wakacheka, na mimi nikacheka, lakini nilipofika nyumbani nililia.

Kisha profesa akanipigia simu pale kwenye stesheni ya petroli, akasema picha zisiporudi kuwa sawa ataihamisha darubini, aipeleke kisiwani kwa mwenzake, na kule anahitaji mtu wa kuzitunza zote mbili. "Ukitaka, Mumbua, twende," akasema. Mama, mimi hata Mombasa sijawahi kufika.

Sasa sikia nilichofanya. Jumamosi ya kufungua lojing'i, taa zote zinawaka, wageni wana sahani mkononi, nikamsikia Nzomo akiwaambia, "Huyu mchumba wangu analinda mashine isiyotaka mlinzi, tukioana atakuja kukaa kaunta." Hasira ilinipanda, Pasta akaanza kuombea chakula, nikazunguka nyuma ya jikoni nikazima jenereta. Giza likaingia katikati ya maombi, watu wakapiga kelele, na diwani akaketi ndani ya karai la kachumbari. Nilicheka nikijishikilia ukutani. Halafu nikamsikia Nzomo akimfokea Kivuva, fundi wa jenereta, mbele ya mkewe na wageni wote, na Kivuva anaapa kwamba dizeli aliweka na mashine ilikuwa sawa, na Nzomo akamfukuza kazi pale pale. Nami nikanyamaza. Mpaka leo Kivuva yuko nyumbani, na mkewe Kavata husimama karibu nami kwayani, tunatumia kitabu kimoja cha nyimbo. Nikimwambia Nzomo ukweli, ndoa imekwisha. Nisipomwambia, siwezi kuimba. Ama nikimbilie kisiwani? Nifanye nini?

Mumbua, Sultan Hamud

*

Mumbua mwanangu,

Nimecheka hiyo kachumbari mpaka mzee wangu akaniuliza nina nini. Sasa nimemaliza kucheka.

Umeandika mengi kuhusu nyota, ndoa na kisiwa, na huyo Kivuva umemweka mwisho kama kitu ulichokumbuka ukitafuta stempu. Yeye ndiye wa kwanza. Hana darubini, hana lojing'i, alikuwa na kazi, na wewe uliizima pamoja na jenereta. Mtafute Nzomo mchana, mbele ya Kivuva, useme, "Ni mimi niliyezima." Halafu funga mdomo. Usianze kueleza vile alivyokutania, hiyo ina siku yake.

Siku hiyo ikifika, mwambie uliumia. Wewe ulicheka pamoja na madereva, yeye angejuaje kwamba ulilia? Na hiyo kaunta, kama huitaki, sema huitaki leo, usingoje mpaka umevaa shela.

Kuhusu taa, mchumba wako ana haki ya kuogopa wezi. Lakini taa inayomulika juu inamlinda nani? Mbinguni hakuna lori! Kila taa ifunikwe kwa bati upande wa juu, mwanga wote ushuke kwa malori, madereva wataona vizuri kuliko sasa. Tena nimeisoma barua yako mara mbili na sikuona mahali Nzomo amepanda hicho kilima. Umewahi kumwalika? Mpandishe jioni moja akuone kazini.

Kisiwani, kama unaipenda hiyo kazi, nenda ukiwa umeinua kichwa. Lakini kuvuka bahari kwa kumkimbia Kavata wa kwaya, hapana. Na Nzomo akikataa hata kipande cha bati, basi umemjua mapema. Mbuzi wana miguu, watarudi walikotoka.

Anza na Kivuva. Leo.

*

Mama Kalunde, nilienda. Nzomo alisema tu, "Ni wewe?" Kivuva ndiye aliyecheka kwanza, halafu akakasirika kweli kweli, akasema alifukuzwa mbele ya watu na ataombwa msamaha mbele ya watu, na sisi wote wawili. Tulifanya hivyo nje ya kanisa baada ya ibada. Kavata alinishika mkono, ingawa alinifinya kidogo.

Kivuva amerudi kazini, na ndiye aliyekata mabati ya zile taa. Nzomo alipanda kilimani jioni moja, amenuna, na paa lilipoanza kufunguka aliruka nyuma karibu aanguke. Akaniuliza, "Nani ameiambia?" Nikamwambia hakuna, huwa inangoja giza. Alikaa akiiangalia ikigeuka, akauliza maswali mengi, kisha akaninong'oneza kama tuko hospitali, "Na mimi nilikuita mtu wa kaunta." Picha zimerudi kuwa nyeusi na nyota zake. Profesa amesema darubini inabaki hapa, na mimi nimemwambia nabaki nayo.

Lakini harusi, Nzomo anasema ingoje kidogo. Anasema ananipenda, ila bado hawezi kulala vizuri akijua niko karibu na ile jenereta. Nimlazimishe tupange tarehe?

Mumbua

*

Mumbua, ana haki. Ngoja. Mwalike kilimani tena, mpelekee chai, na ukipita nyuma ya jikoni yake, mikono uiweke mfukoni.