Kipenga Nyuma ya Mahindi

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo na watoto? Huku wazima, ila magoti ya mama ndiyo yale yale.

Watu wa afya walikuja, wakatuzungusha vichakani tunakojisaidia, kila mtu kashika pua. Mmoja akauliza, "Na mvua ikinyesha, haya yote huenda wapi?" Jibu tulilijua. Yanashuka kisimani. Mwaka jana mke wa fundi cherehani alizika watoto wawili kwa kuharisha. Wa pili nilimwosha mwenyewe. Basi siku hiyo hiyo tukaunda kamati, wakanichagua mwenyekiti.

Tangu hapo watu wamechimba, zimebaki nyumba nane bila choo, na moja ni ya mama. Shimo lake la kwanza liliporomoka, sasa hataki kusikia. Zungumza naye, wewe anakusikia.

Dada yako

19 Machi

Dada,

Shikamoo. Tuko salama, ila kufua mashuka ya hoteli kumenimaliza mgongo.

Mama si mkaidi. Hawezi kuchuchumaa, na anaona aibu kusema. Alipokuwa kwangu nilimshika mikono ndipo akainuka. Nina likizo Juni, nitakuja nimjengee choo cha kukalia. Hadi hapo kamati yako imwache. Nakuomba.

Mdogo wako

11 Mei

Mdogo wangu,

Habari za huko? Heri haya uyasikie kwangu.

Wakaguzi wa cheti, kile cha kijiji ambacho hakuna tena anayejisaidia porini, walikuwa waje mapema mwezi huu. Kamati ikakubaliana: atakayekutwa porini apulizwe kipenga. Habari ya magoti sikuwaambia. Wangesema mwenyekiti anamlinda mama yake, na walishaanza kusema.

Jumanne moja asubuhi nikamwona nyuma ya mahindi. Wajumbe wawili nilikuwa nao, na walinitazama mimi, si yeye. Nikapuliza. Akajaribu kuinuka haraka, akaangukia mkono, nguo ikabaki chini. Watu wakatoka majumbani, wakacheka. Akasema, "Mwanangu, ngoja basi nijifunge."

Wiki ile ile nilimjengea choo cha kukalia, kwa mikono yangu. Haingii. Hasemi nami.

Cheti tumepata.

Dada yako

2 Juni

Dada,

Leo sikuulizi hali.

Nilifika Jumamosi nikaambiwa umekwenda kijiji cha pili kuwafundisha wenzenu. Nimemchukua mama. Huku choo kimoja tunatumia vyumba sita, na anaingia, namshika mikono.

Mkono alioangukia ulivunjika. Mwezi mzima alikuwa anapika kwa mkono mmoja, nawe unapita mlangoni pake na daftari lako.

Usiniandikie.

Binti wa mama

8 Novemba

Mdogo wangu,

Natumaini mnaendelea vizuri, na mkono wa mama umeunga. Barua ya Julai na ya Septemba sijui kama zilifika.

Masika yalipita, na hadi leo hatujazika mtoto hata mmoja. Sisemi ili unisamehe. Ni kweli tu, na sina mwingine wa kumwambia.

Jana walikuja wageni kutoka mbali, wakataka kuona choo bora kuliko vyote kijijini. Wajumbe wakawapeleka kwa mama. Kweli ni kisafi. Hakuna aliyewahi kukikalia. Wakapiga picha. Mgeni mmoja akaniuliza mwenye nyumba yuko wapi. Nikasema amekwenda mjini kuwasalimia wajukuu, anarudi wiki hii.

Akaandika, akanishukuru.

Dada yako