Saratani Mbili Katika Shingo Moja

Baba Neema wangu,

Tangu asubuhi nafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Nikikaa, nasimama. Nimeona niongee nawe, labda miguu itatulia.

Unakumbuka kwamba ng'ombe ndio waliotushtua? Tulikuwa shamba la ulezi hapa Mwimbi, wewe umeshika plau, mimi nimetangulia mbele. Ukamwita dume letu Mashaka ageuke, naye akanyoosha moja kwa moja mpaka kwenye mahindi ya jirani. Sauti yako ilikuwa imekwisha, umebaki mkwaruzo.

"Huyu naye ameanza kiburi," ukacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa naiangalia shingo yako. Lile rovu dogo ulilokaa nalo miaka bila kukusumbua lilikuwa limeumuka kwa majuma machache tu, kama donge la maandazi.

Ukawa unalala umeketi, umeegemea ukuta, pumzi inapiga filimbi. Ugali ukakushinda. Hospitali ya Sumbawanga wakatutuma Mbeya, na huko wakakukata kipande kidogo cha nyama shingoni wakapime.

Daktari, dada mmoja mpole, alituketisha. "Baba, kwenye tezi hii tumekuta saratani mbili. Moja ni ya tezi yenyewe, inakwenda polepole. Nyingine inaitwa limfoma, inaanzia kwenye chembe za kinga ya mwili. Hiyo ndiyo inayokubana koo, na ina haraka."

Nilishika ukingo wa meza. Wewe ukamwuliza, "Zinafahamiana?"

Daktari akacheka bila kutaka. Alisema ni nadra sana kuzikuta pamoja. Tungeanza na yenye haraka, kwa dripu za dawa ya saratani. Ya polepole ingesubiri upasuaji.

Na dripu zilifanya kazi, Baba Neema! Hilo silikani. Nywele zilipukutika, lakini shingo ilinywea. Ulirudi nyumbani ukala ugali wa ulezi kwa maharage, ukaomba tena. Kanisani ukaimba, vibaya mno, na hakuna aliyekunyamazisha. Tukawa tunaingoja siku ya upasuaji kama watu wanaongoja harusi.

Limfoma haikungoja. Ilirudi kifuani, ukatutoka wakati mvua za kwanza zinanyesha, mkono wako uko pajani kwangu.

Watu wanasema nimetulia. Sijatulia. Mtu akikohoa sokoni nageuka. Siku hizi naangalia shingo za watu kabla ya nyuso zao. Neema wetu akiinama kuosha vyombo, namwinua kidevu. Majuzi vidole vyangu vikagusa kitu, kidogo kama punje ya harage. Sikumwuliza mtu. Nikampeleka Sumbawanga, wakampiga ultrasaundi, wakamchoma sindano nyembamba kuvuta majimaji ya kupima.

Jana tulifuata majibu. Ni uvimbe wa kawaida, si saratani. Awe anarudi tu kuangaliwa.

Nilipaswa kushukuru na kupumua. Lakini pale stendi, tukingoja gari, mkono wangu ukapanda tena wenyewe. Neema akaudaka.

"Mama, nishike mkono basi. Shingo iache."

Nikaushika. Tukashuka Mwimbi, tukawaamkia wazee njiani, majirani wakatushangaa, mama na binti aliyempita urefu, na bado sikuuachia. Naye hakuuvuta.

Pumzika, mume wangu. Mimi bado.

Mkeo,
Mama Neema