Uso wa Sikudhani Ghalani kwa Popat

Mbuchi, Rufiji
Agosti 1952

Kwa kaka yangu mpendwa Abbasi,

Shikamoo. Mama naye anakusalimu, na anauliza kama kile kifua kilichokusumbua huko mkongeni kimepoa. Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mpunga umekubali mwaka huu, ila nguruwe wametusumbua. Mimi bado napepeta mchele kwa Popat, yule Mhindi mwenye duka.

Kaka, nina habari, na naomba uisome ukiwa umekaa. Unajua tangu mtumbwi ulipopinduka na mdogo wetu Sikudhani mwaka jana, mama alikataa tuweke tanga la msiba. Alisema hamlilii mtu ambaye hajaiona maiti yake. Kila akisikia kafi likigonga mtumbwi, alitoka nje kuchungulia.

Masika yalipoisha akaja Mchina mmoja, Bwana Shen, kununua majongoo ya bahari. Popat akampa ghala la uani alale. Kiswahili alijifunza Unguja. Kumbe kwao alikuwa mchoraji. Alinieleza kwamba wakati wa vita vyao na Wajapani, yeye na vijana wenzake walikwenda jangwani, kwenye mapango ambayo watu wa dini ya Buda waliyachora zamani sana. Walikaa humo na taa za mafuta wakinakili, ili wajifunze kwa wale wa kale namna ya kuchora mambo yao wenyewe. Kuta zile, alisema, zimekandikwa kwa udongo na majani makavu. Alipoona tope letu na mabua ya mpunga, mikono ilimwasha.

Akaomba ukuta wa ghala. Akakandika, akapaka chokaa, akachemsha maganda ya mikoko kupata wekundu, akasaga masizi. Wakatokea watu wanaoruka bila mabawa, vitambaa virefu vikiwafuata, nyuso zao nyeusi. Nilidhani anatuchora sisi. Akasema hapana, kule pangoni walipakwa weupe, rangi ikageuka kwa miaka mingi. Yeye huwachora kama alivyowakuta.

Siku moja mama alikuja kununua mafuta ya taa, akapita uani. Nikamsikia akiita jina. Nilipoingia alikuwa amesimama mbele ya mmoja wa wale, aliyechorwa usiku wa jana yake, mkono mdomoni. Kaka, alikuwa Sikudhani. Kovu la nyusi, lile la mchi. Ndewe ya sikio iliyochanika.

Tangu hapo mama akawa anashinda ghalani, chakula hakipiti. Watu wakasema Mchina ana majini, afukuzwe. Nikamwendea kwa hasira, nikamwuliza amemjulia wapi mdogo wangu.

Akaweka brashi chini. "Ni mdogo wako?" akauliza, kisha akakaa juu ya gunia. Mwaka jana, alisema, alikuwa kisiwani nje ya delta na wavuvi wa dago, watu wa mbali waliopiga kambi huko. Alfajiri walimkuta msichana mchangani. Hakuna aliyemjua. Wakamwosha, wakamswalia, wakamzika juu, maji yasikofika. Tangu siku ile uso ule haukumwacha. "Nilidhani nikimchora ataniacha," alisema.

Nikampeleka kwa mama. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: "Mlimlaza anaelekea wapi?"

Akajibu kuwa wavuvi walimwelekeza kibla.

Mama akasema, "Basi mwanangu amelala." Kisha akalia, kilio alichokizuia mwaka mzima. Jioni ile tukaweka tanga. Walikuja watu hata wa kijiji cha Mtunda, na Popat akaleta sukari.

Mama alimwomba Bwana Shen aufute uso ule. Aliupaka chokaa kwa mkono wake, akaondoka na mzigo wake wa majongoo.

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu. Ghala lina unyevu, chokaa inaachia, na jicho moja limetokea. Popat amenipa debe la chokaa nirudie kupaka. Nimeshindwa, kaka. Nikimaliza kazi nafunga mlango, nakaa pale namsimulia Sikudhani ya nyumbani. Wala simwogopi. Ninachoogopa ni siku atakayonijibu. Jana nilimwambia unakuja.

Njoo, tuvuke kisiwani tukamsomee hitima, kisha ukuta huu uupake wewe.

Msalimie sana wifi yangu Johari, na watoto uwapakate kwa niaba yangu. Mungu akufikishe salama.

Ni mimi nduguyo akupendaye,
Mwanaidi